Mtandao umekatika, kodi inakataa kujengeka: maswali yenu ya mwezi huu

Barua za mwezi huu zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi na karibu zote zinazunguka kitu kimoja: mtu ameandika kodi yake mwenyewe, yaani maandishi ya programu, anaijua mstari kwa mstari, lakini siku mtandao haiko, mashini inakataa kuijenga juu kuna depandansi, pakeji ya watu wengine ambayo kodi inaitegemea, haioni. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu majibu mengi ya zingine yanaanzia pale.

SWALI: Jambo yaya. Niko mwanafunzi wa informatiki mwaka wa mwisho, naishi Ndosho hapa Goma. TFC yangu, kazi ya kumaliza masomo, ni programu ya kusimamia stoki ya depo ya dawa, mbele ni React na Vite, nyuma ni Node, zote vyombo vya JavaScript. Nyumbani niko na mashini ya fikse yenye Ubuntu, mtandao hakuna, naweka tu mega kidogo ku simu. Kwa hiyo naenda ku kampusi, nafanya npm install, komandi ya kushusha pakeji zote, ku mashini ya kule yenye Windows, kiisha nakopi dosie nzima pamoja na node_modules, mule pakeji zinaingia, ku flashi. Kukopi peke yake inakula saa nzima na zaidi, na nikifika nyumbani inaniambia esbuild ni ya sistemu ingine, mara ingine inasema vite haionekani, nikijaribu npm install tena inaanza kutafuta mtandao. Defansi iko karibu. Nifanye namna gani?

JIBU: Mdogo wangu, kodi yako iko salama, kitu kinakosewa ni mzigo unaobeba. node_modules si dosie ya kusafirisha. Ndani mule kuna maelfu na maelfu ya vifaili vidogo, na flashi inachoka na vifaili vidogo kuliko faili moja kubwa, njo maana unapoteza jioni nzima. Kiisha kuna ile dosie ya .bin: ku Linux npm inaijaza na viungo vinavyoelekeza ku programu zenyewe, ku Windows inaweka vifaili vya .cmd pa nafasi yake, na flashi ya FAT32 ao exFAT haijui kubeba viungo wala ruhusa za faili za Linux. Vite yako haijapotea, ni njia ya kuifikia njo haiko. Na esbuild yenyewe si JavaScript tupu, ni programu iliyokompiliwa, kila sistemu na yake: kuna pakeji inaitwa @esbuild/win32-x64, kuna ingine @esbuild/linux-x64, na npm inachukua ile ya mashini uliyosimama mbele yake. Ulikuwa mbele ya Windows, ikakupa ya Windows.

Kitu cha kubeba ni viwili tu, package-lock.json na kashe, ile ghala ya faili npm imeshashusha. Ile lock watu wengi wanaiona kama takataka ya kompyuta, wengine wanaifuta, lakini njo faili ya maana kuliko zote katika hii habari. package.json inasema unataka React fulani ao mpya kidogo kuliko ile, lock inasema hasa ni versioni gani, ya kila pakeji, hata zile haukuziomba wewe ila ziliombwa na zingine, inaandika anwani zilikotoka na alama ya sha512 ya kila moja, ya kupima kama faili haijabadilika. Ukiwa nayo, mashini haina tena haja ya kuuliza mtandao ni versioni gani inafaa, jibu liko pale tayari. Kinachobaki ni kupata zile faili zenyewe, na hizo zinakaa ku kashe.

Basi ku kampusi ingia ku dosie ya proje na uandike hivi:

npm ci --cache ./kashe

npm ci inafuata lock bila kuibadilisha hata kidogo, na kila kitu inashusha kinaingia ku dosie kashe ndani ya proje yako, haipotei ku mashini ya watu. Kiisha futa node_modules, funga proje yote pamoja na kashe katika faili moja ya tar.gz ao zip, njo uiweke ku flashi. Faili moja, dakika chache. Angalia tu isipite GB 4 kama flashi ni FAT32, juu FAT32 haikubali faili kubwa kuliko pale.

Nyumbani, fungua na uandike:

npm ci --offline --cache ./kashe

Sasa esbuild ya Linux itakosekana bado, juu ku kampusi ulikuwa Windows. Hapa njo mega zako za simu zinapata kazi. Fungua mtandao wa simu mara moja, weka --prefer-offline pa nafasi ya --offline, na npm itachukua kila kitu ku kashe, itaenda ku mtandao kutafuta tu kile kinachokosa. Ku proje kama yako kinachokosa ni esbuild ya Linux na rollup ya Linux, ingine ya namna ile ile, megabaiti chache tu, si zile mamia za kuanza upya. Mara ya pili haitaulizia tena.

Mbele ya kutoka ku kampusi fungua package-lock.json na utafute neno linux-x64. Kama haiko ndani kabisa, lock yako ilitengenezwa vibaya, npm iko na ugonjwa unaojulikana wa kuandika ku lock pakeji za sistemu moja tu pale node_modules ilikuwa iko tayari. Dawa ni kufuta vyote viwili, node_modules na lock, na kufanya npm install upya ungali kwenye mtandao. Ukigundua hii nyumbani saa tatu ya usiku haina dawa, ukigundua ku kampusi ni dakika mbili.

Na sasa kitu kimoja naomba ukishike kuliko zile komandi zote. Kashe inadanganya. Mtu anazima Wi-Fi, anajenga proje yake, inajengeka, anafurahi anasema iko tayari. Lakini ilijengeka juu mashini yake iko na miezi ya vitu vilivyoshushwa zamani, vimejificha ku dosie .npm ao .m2 ao .gradle, na vile havitakuwa ku mashini ingine. Jaribio la kweli ni kuchukua ule mzigo wa flashi, kuufungua ku dosie tupu, bila node_modules, na kashe ile tu uliyobeba, mtandao umezimwa, na kujenga toka mwanzo. Kama ingali inajengeka pale, nenda nyumbani. Kama haijengeki, ungali umekaa mahali mtandao uko, rekebisha. Hili jaribio lifanyike PALE MTANDAO UKO, si pale umefika, na njo watu wengi wanalikosa.

Jihadhari pia na pakeji zenye tabia ya kushusha kitu kingine nyuma ya kuinstaliwa. Puppeteer inashusha Chrome nzima, Electron inashusha programu yake, na hivyo haviingii ku kashe ya npm juu vinakuja kwa njia yao wenyewe. Kama hauna haja ya Puppeteer ku TFC yako itoe, ao weka PUPPETEER_SKIP_DOWNLOAD=true. Lile jaribio la dosie tupu litakuonyesha zote za namna hii.

SWALI: Mukubwa, amani iwe nawe. Niko mfundishaji wa informatiki, kartie Nyawera, Bukavu. Tuko napanga kuvuka ziwa kwenda Idjwi kufundisha vijana wa sekondari Python, Flask kidogo ya kutengeneza site na pandas ya kuchambua data. Kule mtandao ni wa kubahatisha na hatuwezi kununulia kila mtoto forfe. Laptopu ni mchanganyiko, nyingi ni Windows, zingine za zamani kabisa, mie natumika na Linux. Nibebe nini mbele ya kupanda mtumbwi?

JIBU: Papa mwalimu, aksanti kwa kazi hii, na nitakujibu kama mtu ambaye atapanda huo mtumbwi kesho.

Ku Python mambo ni mepesi kama unajua kusoma jina la faili. Pakeji za Python zinakuja katika faili za .whl na jina lake linakwambia yote. Ukiona pandas-2.2.2-cp311-cp311-win_amd64.whl, hii ni ya Python 3.11, Windows ya biti 64, na haitakubali kuingia ku Python 3.12 hata ungebembeleza. Ukiona manylinux ni ya Linux. Ukiona py3-none-any, inaingia popote, beba bila woga. Kwa hiyo mbele ya yote amua Python moja kwa laptopu zote zinazoweza, na ubebe installer yake kamili toka python.org, juu laptopu ya mtoto haitakuwa nayo.

Kiisha unaweza kukaa ku Linux yako hapo Bukavu na kushusha za Windows kwa pip, kishushio cha pakeji za Python, ukiwa na requirements.txt, orodha ya pakeji unazotaka:

pip download -r requirements.txt -d mizigo/windows --platform win_amd64 --python-version 3.11 --only-binary=:all:

Na kule Idjwi:

pip install --no-index --find-links mizigo/windows -r requirements.txt

--no-index inamaanisha usiulize mtandao hata kidogo, --find-links inamwonyesha dosie.

Lakini hapa kuna mtego utakaokupata hakika kama sikuambii. Flask inategemea click, na click ikiwa ku Windows inategemea colorama. Ku Linux haiitaki. Ukishusha toka Linux, hata ukiandika win_amd64, pip inapima lile sharti la "ikiwa ni Windows" kwa mashini yako wewe, inaona Linux, inaruka colorama. Utafika Idjwi na dosie inaonekana imejaa, na laptopu zote za Windows zitakwama ku faili moja ya kilobaiti chache. pip freeze nayo haitakuokoa, juu inaandika tu kilichoko ku mashini yako. Andika colorama kwa mkono ku requirements.txt. Ao bora zaidi, azima laptopu moja ya Windows siku moja, fanya pip download pale pale, kiisha lile jaribio nililomwambia kijana wa Ndosho: mazingira mapya tupu ya venv, mtandao umezimwa, instali toka dosie tu.

Mtego wa pili ni faili za .tar.gz. Ile si .whl, ni kodi ghafi ambayo pip inabidi aijenge mwenyewe pale pale, na kwa kuijenga anatengeneza chumba kipya kilichotengwa na kutafuta setuptools ku mtandao ili aiweke ndani, HATA KAMA setuptools iko tayari ku mashini. Mtu anaona kosa linalotaja setuptools, anaiona iko, anachanganyikiwa siku nzima. --only-binary=:all: inakukinga juu inakataa .tar.gz toka mwanzo, na kama kuna pakeji moja haina .whl, utajua ungali Bukavu.

Zile laptopu za zamani zenye Windows 7 ziweke kando. Python 3.8 njo ya mwisho inayokubali Windows 7, na pandas ya mwisho inayokubali Python 3.8 ni 2.0.3. Inawezekana, lakini ni dosie yake peke yake na requirements yake peke yake, usichanganye na zingine. Kama ni mbili tatu tu, mimi ningewaketisha watoto wawili wawili ku laptopu nzuri, muda wako kule ni wa thamani.

Na usipite na flashi toka laptopu hadi laptopu, utasambaza virusi kuliko Python. Beba rauta ndogo, hata isiyo na mtandao, unganisha laptopu zote, kiisha ku yako ingia ku dosie mizigo na uandike python3 -m http.server 8000. Kila mtoto anaweka anwani ya laptopu yako ku --find-links pa nafasi ya dosie, kwa mfano http://192.168.1.5:8000/windows/, na anaongeza --trusted-host 192.168.1.5 juu si https. Darasa zima linachukua pale, bila mega hata moja. Weka humo pia dokumentasyo ya Python, inapatikana kama zip ku site yao, na kama diski iko na nafasi weka Kiwix, inabeba Wikipedia na Stack Overflow za kusomwa bila mtandao. Mtoto akikwama saa ile umeenda kula atapata pa kutafuta mwenyewe.

SWALI: Mukubwa, niko Lubumbashi, komini Kampemba, natumika ku sosiete ndogo inayoandikia programu wateja wa mines. Seva za mteja wetu hazina intaneti kabisa, ni amri ya usalama, na kodi lazima ijengwe kule ndani. Ni Java, Maven njo inajenga. Nilifanya mvn dependency:go-offline, nikapeleka .m2 yote, kashe ya Maven, kukompile ikapita lakini test zinakataa, zinatafuta kitu cha surefire. Tuko pia na programu ya zamani ya Android, inajengwa na Gradle, hiyo haianzi hata. Bosi anauliza kila asubuhi.

JIBU: Ndugu, go-offline iko na jina zuri kuliko kazi yake. Inasoma pom.xml, faili ya kuandika mahitaji ya proje, na kushusha depandansi na plagini zilizoandikwa pale. Lakini Surefire, ile inayoendesha test, inachagua kipande chake kingine wakati test zinaanza, ikishaona kama unatumia JUnit 4 ao JUnit 5, na kipande kile hakijaandikwa mahali popote ku pom yako, go-offline haiwezi kukiona. Njia ya uhakika ni kuacha Maven afanye kazi yote kweli mbele ya macho yako, toka ghala tupu. Ku mashini yenye mtandao:

mvn -Dmaven.repo.local=./ghala clean verify

Test ziendeshwe zote, usiziruke. Kiisha zima mtandao na urudie ile ile na -o mbele, ile ya kukataza Maven kwenda ku mtandao. Ikipita, dosie ghala njo mzigo wako, na iko na kila kitu juu ilianza bila kitu. Usibebe .m2 ya zamani ya mashini yako, ni nzito na inaficha makosa. Ondoa SNAPSHOT zote, zile versioni ambazo hazijaisha, ondoa versioni za kuachia wazi, kila depandansi na namba yake kamili. Na kama kule ndani Maven anasema faili iko lakini haiwezi kutumika, angalia vifaili vya _remote.repositories ndani ya ghala: vinakumbuka jina la ghala la mtandao zilikotoka, na kama settings.xml ya mteja iko na majina mengine, Maven anakataa faili zilizo mbele yake. Tumia settings.xml ile ile, ao futa vile vifaili.

Ile ya Gradle haianzi juu umebeba depandansi bila Gradle mwenyewe, ni kama kubeba unga wa fufu na kuacha sufuria nyumbani. Gradlew ni kifaili kidogo tu, kazi yake ya kwanza ni kusoma distributionUrl ku gradle-wrapper.properties na kwenda kushusha Gradle ya versioni ile. Shusha ile zip, iweke ku diski, na ubadilishe distributionUrl iwe file:// na njia yake. Depandansi nazo fanya kama Maven: weka GRADLE_USER_HOME ku dosie tupu, jenga kila kitu na mtandao, rudia na --offline, beba. SDK ya Android, vyombo vya kuijengea, pia, na leseni zake ziwe zimekubaliwa tayari. Na juu ni ya zamani, tafuta neno jcenter() ndani ya build.gradle. JFrog walitangaza mwezi wa 2 mwaka 2021 kwamba wanafunga JCenter, ghala lao la pakeji ku mtandao, na programu nyingi za wakati ule zilikuwa zinachukua vitu pale. Hamisha kila kitu kwenda mavenCentral() na google(), na pakeji ambayo haiko kule itafute sasa, isije ikakupotea kabisa.

Ngoja nikuambie na jambo ambalo bosi wako hajauliza. Seva isiyo na intaneti, hatari yake inaingia kwa flashi. Kwa hiyo mlango wa kuingizia uwe mmoja: wekeni ndani Nexus ao Artifactory, programu za kuhifadhi pakeji mahali pamoja, mtu mmoja ao wawili njo wanaingiza, kila mzigo na orodha yake na sha256 iliyochukuliwa nje na kupimwa tena ndani. Usipokee .jar toka flashi ya rafiki hata awe rafiki wa kweli. Mwaka 2018 pakeji ya npm inayoitwa event-stream ilitiwa kodi ya kuiba bitcoin kupitia depandansi ndogo iliyoongezwa ndani, na watu waliendelea kuishusha bila kujua. Na mwezi wa 12 mwaka 2021 pale shimo la usalama la Log4j, pakeji ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, lilipojulikana, lile waliita Log4Shell, swali la kwanza kila mahali lilikuwa: sisi tuko na Log4j wapi, na ya ngapi? Ku seva isiyo na mtandao hakuna wa kukuambia. Fanya mvn dependency:tree, hifadhi matokeo pamoja na kila mzigo, na siku habari ya namna ile inatoka utafungua faili na kujibu hapo hapo.

SWALI: Yaya, niko Katindo, Goma. Naanza lugha mpya na mtandao wangu ni wa shida, kati ya Go na Rust gani inavumilia zaidi kukaa bila intaneti?

JIBU: Zote mbili zinavumilia vizuri kuliko JavaScript. Go: go mod vendor inaweka kodi ya depandansi zote ku dosie vendor ndani ya proje yako, na kama go.mod, faili ya mahitaji ya proje, inasema 1.14 ao zaidi, Go anaitumia mwenyewe bila kuambiwa. Weka GOPROXY=off ujue hakika haendi nje. Toka Go 1.21 kuna kitu kipya: kama go.mod inadai Go mpya kuliko yako, anajaribu kuishusha, weka GOTOOLCHAIN=local na atakuambia tu wazi kwamba yako ni ya zamani. Rust: cargo vendor, kiisha yale maneno anayokuandikia ku skrini uyabandike ku .cargo/config.toml, na ujenge na --offline. Kama proje iko na rust-toolchain.toml, isome mbele, inaweza kulazimisha rustup, msimamizi wa versioni za Rust, kushusha kompilata ingine nzima. Mimi ningekuambia Go, juu kompilata yake ni ndogo kushusha na haidai vitu vingine vingi pembeni. Lakini kama moyo wako uko ku Rust, mtandao usiwe sababu ya kuiacha.

SWALI: Mukubwa, niko dada wa Kadutu, Bukavu, naandika Laravel, ya PHP. Mfundishaji wetu anasema kuweka dosie vendor, mule Composer anaweka depandansi, ku Git ni aibu, programista wa kweli hafanyi vile, composer install njo inatosha. Lakini wateja wangu wako mahali composer install haiwezi kumaliza hata mara moja. Nimsikilize?

JIBU: Dada, mfundishaji wako anakupa sheria ya mahali mtandao haukatiki, na kwa mahali pale ni sheria nzuri: Git inabaki nyepesi, mabadiliko yanasomeka. Lakini neno aibu silikubali, na nalikataa kwa nguvu juu naona vijana wengi hapa kwetu wanalibeba, wanafikiri kujenga bila mtandao ni shida ya maskini. Debian, moja ya Linux kubwa duniani, sheria zake zinakataza pakeji kwenda ku mtandao wakati wa kujengwa. Nix, chombo kingine cha kujenga na kuinstali pakeji, inafunga mtandao kwa makusudi. Flathub, ghala la programu za Linux, pia. Wako na mtandao wa kutosha na wanaufunga, juu wanataka kinachojengwa leo kijengeke vile vile mwaka ujao, hata kama mwenye pakeji ameifuta. Mwaka 2016, mwezi wa 3, mtu mmoja aliondoa pakeji zake ku npm, moja ikiwa left-pad, mistari 11 tu ya kodi, na proje nyingi za dunia nzima zikashindwa kujengeka siku ile ile. Na sisi hapa tunajua zaidi: 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa karibu siku 20. Aliyekuwa na vendor yake alitumika. Aliyekuwa na aibu alikaa.

Kwa kazi yako fanya hivi. composer.lock iingie ku Git kila mara, hiyo hata mfundishaji wako atakubali. Vendor usiiweke ku tawi lako la kila siku, itakuchosha, tengeneza tawi ingine la kupeleka kwa mteja, na pale fanya composer install --no-dev ili vitu vya test vibaki kwako na mzigo upungue, kiisha vendor iingie. Kama mteja hatumii Git kabisa, zip moja inatosha. JavaScript na CSS zako zijenge kwako, peleka tu public/build iliyoiva, usimpelekee node_modules hata siku moja. Jaribu ule mzigo ku mashini ingine na COMPOSER_DISABLE_NETWORK=1, kiisha ukifika kwa mteja endesha composer check-platform-reqs. Composer mwenyewe ni faili moja, composer.phar, ibebe ku flashi ile ile. Ile check-platform-reqs itakuambia kama PHP ya mteja ni ya zamani ao kama intl na mbstring hazipo, na hizo si za Composer, ni za sistemu, kwa hiyo mpigie mteja simu mbele ya safari akutumie picha ya php -v na php -m, na kama kuna kinachokosa shusha .deb zake ungali Bukavu, ku mashini yenye versioni ile ile ya Ubuntu.